Kujiunga au kutojiunga na CACFP: ulinganisho kwa walezi wa deikea za nyumbani Marekani

Mlezi mwenye deikea nyumbani kwake Marekani ana njia tatu za kulisha watoto. Anaweza kununua chakula kwa pesa yake na kuingiza gharama kwenye ada. Anaweza kuwaambia wazazi wafunge chakula. Au anaweza kujiunga na mpango wa serikali kuu unaomrudishia pesa kwa kila mlo alioupakua, Child and Adult Care Food Program, ambao kila mtu huuita kwa herufi zake, CACFP. Unasimamiwa na Wizara ya Kilimo (USDA) kupitia majimbo. Ulianza kwa majaribio mwaka 1968, ukawa wa kudumu 1978.

Walezi wakiulizana habari za mpango huu, majibu huwa mawili: makaratasi yake ni mengi, na pesa yenyewe inakatwa kodi. La kwanza ni kweli, ingawa si kwa kiasi kinachosemwa. La pili ni nusu ya ukweli, na ndilo linalowafanya wengi waache pesa mezani.

Mpango una madaraja mawili ya malipo, la 1 likilipa zaidi; hapa chini tunaeleza nani huingia lipi. Msimamo wetu kwa kifupi: ukiwa Daraja la 1, jiunge hata kama una watoto wawili tu. Ukiwa Daraja la 2 na watoto wanne au zaidi, jiunge. Daraja la 2 na mtoto mmoja hadi watatu, piga hesabu kwanza.

Pesa inayoingia

Viwango hubadilishwa kila tarehe 1 Julai kufuata bei ya vyakula. Hivi vilikuwa vya Julai 2024 hadi Juni 2025, na ndivyo tunavyotumia kwenye hesabu zote hapa, kwa majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, ambako viwango viko juu zaidi:

| Mlo, kwa mtoto mmoja | Daraja la 1 | Daraja la 2 |
|---|---|---|
| Kifungua kinywa | dola 1.66 | dola 0.60 |
| Cha mchana au cha jioni | dola 3.15 | dola 1.90 |
| Kitafunio | dola 0.93 | dola 0.26 |

Kwa siku, mtoto mmoja hulipiwa milo miwili na kitafunio kimoja, au mlo mmoja na vitafunio viwili. Si zaidi. Kama unampa mtoto kifungua kinywa, cha mchana, kitafunio na cha jioni, dai cha mchana, cha jioni na kitafunio: kwa Daraja la 1 hiyo ni dola 7.23 badala ya 5.74. Walezi wa zamu za jioni, ambao watoto wao hubaki hadi saa mbili au tatu usiku wazazi wakiwa kiwandani, hupoteza hapo bila kujua kwa sababu wamezoea kudai kifungua kinywa. Si lazima watoto wote wadaiwe milo ileile. Anayeondoka saa tisa alasiri ana orodha yake, na anayebaki hadi usiku ana yake.

Chukua deikea yenye watoto 6, siku 21 za kazi kwa mwezi, kifungua kinywa, cha mchana na kitafunio kimoja. Daraja la 1 litaleta dola 723.24. Daraja la 2, dola 347.76. Tofauti ni zaidi ya nusu, kwa hiyo swali la kwanza ni uko daraja gani, kabla hata hujauliza kama ujiunge.

Madaraja haya yaliletwa na sheria ya 1996 na kuanza kutumika Julai 1997. Kuingia Daraja la 1 kuna njia mbili. Ya kwanza ni eneo: nyumba yako iko kwenye mipaka ya shule ambayo angalau nusu ya wanafunzi wake wanastahili chakula cha bure au cha bei ya chini, au takwimu za sensa zinaonyesha hivyo kwa eneo lako. Kwa njia hii huleti karatasi yoyote ya kipato. Shirika mdhamini, yaani lile linalokuunganisha na mpango na kukulipa, huangalia anwani yako, na uamuzi hudumu miaka 5. Ya pili ni kipato cha nyumba yako mwenyewe: kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Nyumba inayopata SNAP, ile ambayo wengi bado huiita fudi stempu, huingia moja kwa moja. Hii ya kipato hurudiwa kila mwaka.

Ukikosa zote mbili unakuwa Daraja la 2, lakini mlango haujafungwa. Unaweza kuomba fomu za kipato zipelekwe kwa wazazi wa watoto unaowalea, na mtoto ambaye familia yake inastahili hulipiwa kwa kiwango cha Daraja la 1. Mzazi anayeona aibu kukuonyesha kipato chake anaweza kuirudisha fomu moja kwa moja kwa mdhamini. Fomu humtaka mtu mzima aandike tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security, au aweke alama kuwa hana. Mweleze hilo mapema, kwa kuwa fomu nyingi hurudi bila kujazwa sababu mzazi aliogopa mstari huo mmoja.

Watoto wako wa kuwazaa nao? Unaweza kuwadai ikiwa tu kipato cha nyumba kinastahili, na kwa mlo ule tu ambao kuna angalau mtoto mmoja wa nje anayekula pamoja nao. Aliye Daraja la 1 kwa sababu ya eneo bado atatakiwa kujaza fomu ya kipato ili awadai wanawe.

Kodi

Marejesho ya watoto wa watu ni mapato ya biashara na huandikwa kwenye Schedule C, fomu ya kodi ya biashara ya mtu binafsi. Ya watoto wako si mapato, na chakula chao nacho si gharama ya biashara. Wengi huishia hapo na kusema: kumbe wanatoa kwa mkono huu na kuchukua kwa ule.

Tazama upande wa pili. IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, humruhusu mlezi wa nyumbani kupunguza gharama ya chakula kwenye mapato yake kwa viwango vya kawaida bila kuweka risiti: hadi kifungua kinywa kimoja, cha mchana kimoja, cha jioni kimoja na vitafunio vitatu kwa kila mtoto kwa siku. Viwango hivyo ni vya Daraja la 1 vilivyokuwepo tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, hata kama wewe ni Daraja la 2, na hata kama hujajiunga kabisa. Kwa hiyo kwa kodi ya mwaka 2025, kifungua kinywa ni dola 1.66, cha mchana 3.15, kitafunio 0.93, kwa mlezi yeyote wa majimbo hayo.

Maana yake ni kwamba punguzo hilo unalipata ukijiunga au usipojiunga, sawasawa. Kwenye ulinganisho linajifuta. Kinachobaki ni marejesho yenyewe, yakishakatwa kodi. Tuseme unalipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 na kodi ya mapato ya asilimia 12, jumla karibu 27 kwa hesabu ya haraka. Zile dola 723 za Daraja la 1 zinabaki kama 528 kwa mwezi. Zile 348 za Daraja la 2 zinabaki kama 254. Hakuna hali ambayo kodi huzimaliza zote.

Viwango vya IRS hutaka uweke jina la mtoto, tarehe na saa alizokuwepo, na idadi na aina ya milo. Aliye kwenye mpango tayari anayo hayo yote. Asiyejiunga na anataka punguzo lake kamili itambidi aandike mambo yaleyale bure, bila mtu wa kumlipa. Na kumbuka: ukichagua viwango vya kawaida kwa mwaka, unavitumia kwa watoto wote mwaka mzima, huwezi kuchanganya na risiti.

Jikoni

Hapa ndipo mpango unapogusa mazoea ya nyumba, na ndipo madai ya mlezi wa Kiswahili hukataliwa kwa sababu asizozitarajia. Cha mchana na cha jioni lazima viwe na vitu vitano: maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda, na nafaka. Kifungua kinywa ni vitatu: maziwa, tunda au mboga, na nafaka, nyama au yai linaweza kushika nafasi ya nafaka hadi mara tatu kwa wiki. Kitafunio ni viwili vyovyote kati ya vile vitano.

Sahani ya mchana ya mtoto wa miaka 3 hadi 5 inakuwa hivi: maziwa aunsi 6, yaani robo tatu ya kikombe cha kupimia, wali uliopikwa robo kikombe, maharage chini kidogo ya nusu kikombe (tatu ya nane), sukuma wiki iliyopikwa robo kikombe, na robo kikombe ya embe. Wa mwaka 1 hadi 2 anapata maziwa aunsi 4, maharage robo kikombe, mboga na tunda moja ya nane kila kimoja, na wali uleule robo kikombe. Ni vipimo vidogo. Mtu aliyezoea kupakua sahani ya nyumbani atavizidi bila kujitahidi, isipokuwa maziwa na tunda.

Maziwa ni lazima yanywewe kama maziwa. Yaliyopikwa kwenye uji au kuchemshwa kwenye chai ya maziwa hayahesabiki. Wa mwaka mmoja asiyetimiza miaka 2 hupewa maziwa mazima, yaani yasiyopunguzwa mafuta, na aliye chini ya miaka 6 hapewi yenye ladha ya chokoleti wala nyingine. Asiyeweza kunywa ya ng'ombe, mzazi anaweza kuomba kwa maandishi maziwa ya soya yaliyoongezwa virutubisho vinavyolingana na ya ng'ombe. Mbadala usiolingana nayo hutaka karatasi ya daktari.

Mandazi hayalipiwi. Yanahesabiwa kama vitu vitamu vya nafaka, pamoja na keki na donati, na isitoshe kukaanga kwa kuzamisha kwenye mafuta hakuruhusiwi kwa chakula kinachopikwa kwa ajili ya mpango. Sambusa za kuzamisha zinaanguka kwa sababu hiyo ya pili. Ukizioka kwenye oveni, nyama iliyomo na ganda vinahesabika. Chapati ya kukaangwa juu ya kikaango kwa mafuta kidogo haina tatizo. Kipande cha gramu 14 kinatosha kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na ukitumia unga wa ngano nzima umetimiza pia sharti la nafaka nzima angalau mara moja kwa siku. Siku isiyo na nafaka nzima hata moja hukatwa mlo mmoja wenye nafaka, ule wa malipo madogo kuliko yote.

Ugali na wali vinahitaji macho kwenye mfuko. Nafaka iliyokobolewa hulipiwa ikiwa tu imeandikwa enriched, yaani imeongezwa virutubisho. Mchele mweupe wa basmati au wa pishori kutoka duka la Kihindi au la Kiafrika mara nyingi hauna neno hilo. Unga mweupe wa mahindi nao ni vilevile. Mkaguzi akiufungua mtungi wa unga usio na lebo atauliza, na ukiwa umetupa mfuko huna cha kumwonyesha. Kata lebo uibandike kwenye mtungi. Dona hupita bila neno hilo, mradi lebo ionyeshe kuwa ni mahindi mazima. Mchele wa kahawia vilevile.

Muhogo na ndizi za kupika, ambazo sisi tunazihesabu kama chakula chenyewe, kwenye mpango ni mboga. Matoke na nyama bila nafaka pembeni si mlo kamili; ongeza kipande cha chapati. Kinyume chake kuna nafuu moja: mchana na jioni, mboga ya pili ya aina tofauti inaweza kushika nafasi ya tunda. Kwa hiyo ndizi za kupika na mchicha vinatosheleza mboga na tunda kwa pamoja. Mboga ya majani ikiliwa mbichi huhesabiwa nusu ya ujazo wake. Ikipikwa huhesabiwa yote. Maharage yanaweza kuwa mbadala wa nyama au mboga, ila bakuli lilelile halihesabiwi mara mbili. Juisi ni mara moja tu kwa siku. Nyama ya halali hakuna anayeizuia, wala hakuna sharti la nguruwe popote.

Kwa mtoto mchanga, unatakiwa kuwa na angalau aina moja ya fomula yenye madini ya chuma. Mzazi akikataa na kuleta yake au maziwa ya mama, wa miezi 0 hadi 5 bado analipiwa, na hata mama akija kunyonyesha hapohapo. Kuanzia miezi 6 mzazi anaruhusiwa kuleta kitu kimoja tu cha mlo huo. Vingine ni vyako.

Je, gharama ya ziada ni kiasi gani? Kwa nyumba inayopika tayari, ni maziwa zaidi ya kitu kingine. Watoto 6 wa miaka 3 hadi 5 wakinywa aunsi 12 kwa siku, asubuhi na mchana, ni aunsi 72. Kwa siku 21 ni karibu galoni 12. Kwa dola 4 galoni, dola 47 kwa mwezi. Toa hizo, na Daraja la 1 linabaki na dola 481, Daraja la 2 na 207.

Makaratasi na kukaguliwa

Kila siku unaandika menyu, nani alikula nini, na nani alikuwepo. Kila mtoto ana fomu ya kujiandikisha iliyosainiwa na mzazi na kurudiwa kila mwaka, ikionyesha siku, saa na milo ya kawaida. Kumbukumbu unazitunza miaka 3 baada ya mwaka husika. Kuna mafunzo kila mwaka. Mdhamini hukutembelea angalau mara tatu kwa mwaka, mbili bila taarifa, na mojawapo ya hizo mbili lazima ikute watoto wakila. Katika wiki nne za mwanzo atakuja mara moja.

Kwa mlezi mwenye utaratibu, kazi yote hii ni kama dakika 15 kwa siku. Kwa mwezi saa tano na kidogo. Na haipungui sana watoto wakipungua, jambo ambalo ndilo linaloamua kwa deikea ndogo. Daraja la 2 na watoto 6, dola 207 kwa saa hizo ni karibu dola 39 kwa saa. Daraja la 2 na watoto 2, baada ya kodi na maziwa zinabaki kama dola 69, sawa na dola 13 kwa saa. Hapo kukataa si ujinga. Daraja la 1 na watoto walewale 2 ni karibu dola 30 kwa saa.

Madai hukatwa wapi? Kwanza kabisa, kwa kuandika wiki nzima siku ya Jumamosi. Mkaguzi akija Alhamisi akute karatasi nyeupe tangu Jumatatu, milo hiyo imekwenda. Kosa jingine ni kuhesabu mtoto aliyeondoka: karatasi ya kusaini inaonyesha alichukuliwa saa tano na nusu, nawe umemdai cha mchana cha saa sita. Fomu ya mtoto ikipita mwaka, milo yake hukatwa. Ukidai watoto zaidi ya uwezo wa leseni kwa wakati mmoja, wanaozidi hawalipwi. Ukipeleka watoto bustanini saa ya chakula bila kumwarifu mdhamini, akaja akagonga mlango bila jibu, mlo huo unafutwa. Ujumbe mfupi asubuhi unatosha kuuokoa. Mwisho wa wiki hulipwi kama fomu ya mzazi haionyeshi siku hizo.

Uongo ni jambo jingine. Anayedai watoto wasiokuwepo huweza kuachishwa na jina lake kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya waliozuiwa, na humo hukaa hadi miaka 7, au zaidi kama bado anadaiwa.

Linalowaudhi walezi wengi kuliko karatasi ni mtu mgeni kufungua friji yao. Kama hilo huliwezi, njia ya ada ndiyo yako.

Njia nyingine mbili

Ukilisha kwa pesa yako na kupandisha ada, unapika utakacho, mandazi yakiwemo, na punguzo la IRS liko palepale. Lakini kulingana na Daraja la 1 itabidi uongeze karibu dola 28 kwa wiki kwa kila mtoto, na mzazi anayelipiwa na ruzuku ya jimbo hana pa kuitoa. Ukiwa kwenye mpango hutakiwi kumtoza mzazi chakula kando. Ada inabaki moja.

Chakula cha kufungwa ni rahisi kwako na kibaya kwenye hesabu: hupati marejesho, na punguzo nalo hupati, maana hukulisha wewe. Kinafaa deikea ya mtoto mmoja au ya saa chache.

Ukiamua kujiunga

Deikea ya nyumbani haijiungi moja kwa moja na jimbo. Lazima ipite kwa mdhamini. Ofisi ya jimbo inayosimamia CACFP hutoa orodha ya wadhamini wa eneo lako, na kila jimbo lina kanuni yake kuhusu wasio na leseni, kwa hiyo anza hapo. Mdhamini hulipwa na serikali pesa yake ya uendeshaji kwa kila nyumba. Haruhusiwi kukata chochote kwenye marejesho yako ya chakula, na akishapokea pesa ana siku 5 za kazi kukulipa. Anayekuambia "ada yetu ni asilimia fulani" mwache.

Wengine waulize: kudai ni kwa simu au kwa karatasi? Kuna mtu wa kuongea naye Kiswahili? Madai ya mwezi yanatakiwa tarehe ngapi, na ukichelewa inakuwaje? Uliza kwa makini, kwa sababu kuhama mdhamini huruhusiwa mara moja tu kwa mwaka bila sababu maalumu.

Baada ya maombi, mdhamini huja kuiona nyumba, kisha mnasaini mkataba. Milo ya kabla ya kuidhinishwa hailipwi, hata kama uliandika kila kijiko. Watoto wapya wakianza tarehe 1 Septemba, fomu za wazazi na ukaguzi wa nyumba viwe vimekamilika Agosti.